Sura ya Sita: Futi Moja ya Mabaki

Fundi hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, sketi ya kitenge ikaendelea kupita chini ya sindano, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni mwa kibanda na kiroba kitupu mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unashonesha nini?"

"Sikuja kushonesha. Nimekuja kuomba mabaki."

Hapo mguu ukasimama. Akatazama chini ya meza, kwenye lundo lililokuwa limemfika magotini, kisha akanitazama mimi.

"Ya kujazia mito?"

"Ya kushona."

Akainama, akaokota kipande chenye umbo la mwezi mchanga, kile kinachobaki mkasi ukishakata shingo ya gauni. Akakilaza kiganjani. Kilienea chote na nafasi ikabaki. "Hiki, mwanangu, utamshonea nani? Kuku?"

Alinipa kiroba kizima bure, kwa sharti moja: nifagie na vilivyokuwa sakafuni. Nikafagia. Siku ile sikuwa na jibu la swali lake. Ninalo sasa, nimechelewa miaka mingi, na ni refu kiasi cha sura nzima.

Pwani lipo neno la zamani, mfarishi, kwa tandiko nene lenye kitambaa juu, kitambaa chini na pamba katikati, lililoshonwa kote ili pamba isihame. Siku hizi wengi husema tu blanketi la viraka, na hapo ndipo linapoharibika, maana kiraka kwetu kina jina baya. Kaptula yenye viraka matakoni ni umaskini. Barabara yenye viraka ni mkandarasi aliyekula pesa. Mahali pekee ambapo kiraka kimepewa heshima yake ni uwanjani: mchezaji kiraka ni yule unayempanga beki ya kulia leo na kiungo kesho, na hakuangushi. Ninapoandika kiraka katika sura hii, mfikirie huyo.

Mfarishi wa mabaki haushonwi wote kwa mkupuo. Hushonwa mraba mmoja mmoja, kila mraba ukilingana na mwenzake, kisha miraba hupangwa na kuunganishwa kama vigae vya sakafuni. Kazi kubwa inakuwa kazi ndogo ndogo nyingi. Mraba mmoja unamalizika wakati maharage yanachemka. Ukikatishwa na mgeni au umeme, hakuna kilichopotea, kwa sababu mraba wa jana umekwisha na wa kesho haujaanza.

Wanaoanza huhangaika na rangi. Watakuuliza kama zambarau inakwenda na njano, kama maua yanakaa na madoadoa. Jibu langu ni kwamba rangi zitazoeana zenyewe. Ukiweka rangi arobaini pamoja hakuna hata moja yenye nguvu ya kugombana na zote. Kinachoua mfarishi ni kipimo. Mabaki yana uhuru wote kwa sababu mraba hauna hata chembe. Kipande kinaweza kuwa cha gauni la harusi au cha sare ya mlinzi, kinaweza kuwa kimefifia, kimeungwa mara tatu, kina herufi, kina doa la kutu. Mradi mwisho wa siku kimo ndani ya mraba usiozidi wala kupungua, kimeshinda.

Na yawe mabaki kweli. Nimeona watu wananunua kitenge kipya cha yadi 6, wanakikatakata vipande vidogo, kisha wanaviita mabaki. Hiyo ni sawa na kupika sufuria zima la wali kwa ajili ya ukoko.

Basi mwaga kiroba kwenye mkeka. Usianze kuchagua kwa rangi, ingawa mikono itataka. Chagua kwa unene, halafu kwa tabia ya kitambaa majini. Pamba ikae na pamba: kanga, kitenge cha pamba, mashuka, mashati ya zamani. Jinzi na kaki zina fungu lao. Teteroni za sare za shule zina fungu lao pia, kwani hazirudi zikifuliwa, na ukizishona bega kwa bega na pamba inayorudi, mraba utajikunja kama jani la mgomba kwenye jua. Satini, shifoni na lesi nazitenga kabisa. Zinateleza, zinachanika kwenye mshono, na pasi ikizikuta ni msiba.

Kama huna hakika kitambaa ni cha aina gani, chomoa nyuzi chache uziwashe kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, huacha jivu laini. Teteroni huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Fanya hivyo mbali na lundo lenyewe. Sihitaji kueleza nimejuaje.

Vipande vipya vya kanga vilowekwe kwanza. Kanga ya dukani imekazwa kwa wanga, na nyekundu yake huchuja. Loweka kipande pamoja na tambara jeupe kwenye maji ya moto; tambara likitoka jekundu, rudia. Mtu aliyeshona miraba 30 kisha akaona nyekundu imetembea juu ya nyeupe zote katika fua ya kwanza haelezi jambo hilo kwa urahisi. Nilikaa wiki nzima bila kuugusa ule mfarishi.

Sasa umbo. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Shika kipande ukivute kufuata mtande: kinakataa. Kivute kufuata mshindio: kinalegea kidogo. Kivute hanamu, yaani kona kwa kona, kinanyooka kama mpira. Ile miezi michanga ya shingo na kwapa ina hanamu karibu kila upande, ndiyo maana fundi aliidharau, na alikuwa na haki ya kuidharau. Nitairudia hapa chini. Vipande virefu vilivyonyooka, vile vinavyobaki kwenye ukingo wa kitambaa au kwenye pindo la suruali iliyofupishwa, hivyo ndivyo vya kuanzia.

Mraba ninaomfundisha kila anayeanza Wamarekani wanauita nyumba ya magogo. Ulienea sana kwao kuanzia miaka ya 1860, na mpaka leo sijaona mwingine unaoyahurumia mabaki kuliko huu. Katikati unaweka mraba mdogo. Wazee wao walipenda uwe mwekundu, wakisema ndio moto wa jikoni. Unauzungushia kanda za kitambaa, upande mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayelaza magogo kujenga kuta, mpaka nyumba ifike ukubwa unaoutaka.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa inchi, kwa sababu futi kamba ya fundi husomwa kwa inchi. Kipande cha katikati kikate inchi 2 na nusu kwa 2 na nusu. Kanda zote zikate upana wa inchi 1 na nusu. Urefu usiupime. Laza ukanda juu ya kipande cha katikati, uso kwa uso, shona robo inchi kutoka ukingoni, kata unapoishia, fungua, piga pasi. Geuza kazi robo mzunguko. Laza ukanda mwingine, shona, kata, pasi. Kanda nne zikikamilisha mzunguko mmoja, mraba umekua inchi 2. Mizunguko mitano, kanda 20, na mbele yako una mraba wa inchi 12 na nusu, ambao ukishaungwa na wenzake kila upande utabaki inchi 12 kamili. Futi moja.

Umeona kwa nini naupenda? Unadai upana mmoja tu, urefu unajileta. Kipande cha inchi 3 kina nafasi kwenye mzunguko wa kwanza. Cha inchi 9 kinasubiri wa nne. Ukanda wa mwisho unahitaji inchi 12 na nusu, na kama hakuna kipande kirefu hivyo, unga viwili, unga vitatu, hakuna atakayelalamika.

Ile robo inchi ndiyo inayowashinda mafundi wazoefu kuliko wanaoanza. Fundi wa nguo huacha nusu inchi au zaidi kwenye mshono ili mteja akinenepa gauni lifumuliwe. Mfarishi hauvaliwi na mtu atakayenenepa. Robo inchi inatosha, lakini iwe robo inchi kila mara. Hesabu hii niliifanya baada ya kupoteza kitambaa kingi: tuseme mshono wako unazidi robo kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, unene ambao jicho halioni. Kila mshono unakula sehemu hiyo pande zote mbili, yaani moja ya nane. Kukatiza mraba mmoja kuna mishono 10. Umeshapoteza inchi 1 na robo, na mraba wako uliotakiwa kuwa 12 na nusu una 11 na robo. Kitambaa hakikukuibia kitu. Mguu wako ndio uliokwenda. Bandika kipande cha plasta ya jeraha kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kulia kwa sindano, na usukume ukingo wa kitambaa ukiugusisha plasta. Kwa mkono, chora mstari kwa penseli.

Kuhusu pasi: bandika, inua, bandika. Usiburute, kwa kuwa kuburuta kunavuta hanamu na mraba unakwenda upande. Anayetumia pasi ya mkaa atandike tambara juu ya kazi, cheche moja inatosha.

Mpangilio wa rangi, kwa wale ambao bado inawasumbua, una ujanja mmoja tu. Pande mbili zinazogusana ziwe za kanda nyeupenyeupe, pande mbili nyingine ziwe za kanda za giza. Mraba unagawanyika kona kwa kona kama ukuta wakati jua limeinama. Ukitandaza miraba sakafuni na kuigeuzageuza, utaona misumeno, almasi, mifereji, bila kushona mshono mwingine hata mmoja. Kujua kipi ni cheupe na kipi ni cha giza, finya macho. Kitenge chenye njano na bluu bahari kinaweza kuangukia upande wowote kutegemea jirani yake. Kanga ina raha yake ya ziada: mkasi ukipita kwenye jina, maneno yanakatika. Ninao mraba ambao neno lililosalimika ni "jirani" peke yake, bila ile lawama iliyokuwa mbele yake. Wageni wote huusoma.

Nisingeandika yote haya kwa uhakika kama nisingewajua, kwa picha na maandishi tu, wanawake wa Gee's Bend.

Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina rasmi ni Boykin. Mto Alabama unakizunguka pande tatu, kwa hiyo mtu anaingia kwa njia moja ya nchi kavu au anavuka maji. Mwaka 1816 Joseph Gee alianzisha hapo shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa Mark Pettway kwa sababu ya deni, naye akaja na watumwa wake kutoka North Carolina, wao wakitembea kwa miguu. Utumwa ulipokwisha watu walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi, na wakabaki na jina. Mpaka leo Pettway ni wengi kijijini, na wengi wao hawana undugu wa damu na yule mwenye shamba.

Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki. Mjane wake akadai deni lote kwa mara moja. Wakaja watu wakachukua majembe, mikokoteni, ng'ombe, nguruwe, kuku, mahindi ya ghalani. Miaka mitano baadaye, 1937, mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein, alikwenda huko, na picha zake zinaonyesha kuta za mbao zilizobandikwa magazeti kuzuia upepo. Katika nyumba kama hizo, mfarishi haukuwa pambo. Familia ililala juu ya mifarishi na chini ya mifarishi, na mingine ikatundikwa ukutani ili baridi isipite kwenye nyufa.

Walishona nini? Walichokuwa nacho. Magunia ya unga na ya mbolea, mashuka yaliyochoka, na zaidi ya yote nguo za kazi: suruali za jinzi, ovaroli, mashati ya shambani. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo zake za kazi akazishona mfarishi ili ajifunike kwa kumkumbuka. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Ukiutazama mfarishi ule, jinzi imefifia mahali pamoja na kubaki na rangi mahali pengine, kwa sababu mfuko ulikuwa umeshonwa hapo ukaondolewa, na goti lilikuwa hapa. Hakuna duka linalouza kitambaa cha namna hiyo. Kimefifishwa na jua la mashamba ya pamba na mwili wa mtu mmoja.

Mshono wao mkubwa wanauita paa la nyumba, na ni ndugu wa nyumba ya magogo: katikati kipande, kanda zinazunguka, miraba ndani ya miraba, kama unatazama paa kutoka angani. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na subira ya robo inchi kama mimi. Kanda ni nene hapa, nyembamba pale, mstari unapinda kidogo, na wakati mwingine mraba mmoja unaachwa ukue mpaka uwe mfarishi mzima. Kwa muda mrefu jambo hili lilinisumbua, kwa maana linaelekea kuvunja kila nililosema hapo juu. Halikuvunja. Mimi mwenye kiroba cha bure cha fundi napima mwanzoni. Wao walishona kwanza kila kilichopatikana, kisha wakanyoosha na kuongezea mpaka kingo zikutane. Mraba ulikuwepo, ila kipimo chake kilikuja mwisho. Kufanya hivyo na bado tandiko likalala tambarare kunataka jicho ambalo mimi sina, na nadhani wengi wetu hatuna. Kwa hiyo futi kamba yangu naishikilia.

Mwaka 1962 kivuko cha mtoni kilisimamishwa, wakati watu weusi wa kijiji walipokuwa wakianza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura katika mji wa Camden, ng'ambo. Kilirudi mwaka 2006. Katikati ya miaka hiyo, safari ambayo kwa maji ilikuwa ya dakika chache ilikuwa mwendo mrefu wa gari kuuzunguka mto. Martin Luther King alifika kijijini Februari 1965. Mwaka uliofuata wanawake wa eneo hilo, pamoja na kasisi Francis X. Walter, walianzisha ushirika wa kushona ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ulipata kandarasi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za mapambo za kodrai, kile kitambaa chenye mifereji. Kodrai iliyobaki, ya rangi ya dhahabu na ya parachichi, ilirudi vijijini kwa mafurushi. Kodrai ni nzito, haikubali maringo ya vipande vidogo vidogo, na hapo wakatoka na mifarishi yenye kanda pana za rangi mbili tatu ambayo mtu akiiona ukutani anadhani ni kazi ya mchoraji wa karne ya ishirini aliyesomea Paris.

Na kweli iliishia ukutani. Miaka ya 1990 mkusanyaji wa sanaa, William Arnett, aliona picha ya mfarishi wa nguo za kazi uliolazwa juu ya lundo la kuni, akamtafuta aliyeushona, Annie Mae Young. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York katika jumba la Whitney. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha zake. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakulipwa walichostahili. Shauri lilimalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano. Hilo nalo ni sehemu ya habari ya mabaki. Kitu kikiwa takataka hakuna anayeuliza ni cha nani.

Kuna uzi mwingine kati yao na sisi. Baba zetu waliita kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa marekani, au amerikani, na hawakubahatisha jina. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja shehena kwa shehena za kitambaa hicho, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Viwanda vilikuwa kaskazini. Pamba ilitoka kusini, kwenye mashamba ya namna ileile ya Gee's Bend, na waliochuma walikuwa watumwa. Vita vyao vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyokata biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Kwa hiyo kwa miaka karibu thelathini, Mwafrika wa bara alivaa pamba iliyochumwa na Mwafrika wa Alabama, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Turudi kwa miezi michanga ya fundi, ambayo niliiahidi. Dawa yake ni gazeti. Kata gazeti kuukuu mraba wa inchi 12 na nusu. Laza kipande kimoja hanamu katikati ya karatasi, uso juu. Laza cha pili juu yake uso chini, kingo zikikutana, shona vyote viwili pamoja na gazeti lenyewe, kisha kifungue cha pili na kukilaza. Endelea hivyo kwenda kona hii, halafu kona ile, bila kujali vinatokeza kiasi gani nje ya karatasi. Ukimaliza, geuza kazi na ukate kufuata ukingo wa gazeti. Mraba umetoka, umenyooka kabisa, na hanamu zote zimefungwa kwenye mshono. Fupisha hatua za cherehani ili sindano itoboe karatasi kwa ukaribu. Gazeti litachanika lenyewe ukilivuta. Usiache kulichana. Niliwahi kulalia mfarishi uliokuwa na kurasa za michezo ndani, ukinong'ona kila nikigeuka.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka miraba 30: mitano kwa upana, sita kwa urefu, ikikifunika kama mkeka. Ukitaka ining'inie pembeni na miguuni, ongeza mpaka 7 kwa 7, jumla 49. Unganisha safu moja moja kwanza, kisha safu kwa safu. Mishono ya safu ya juu ilazwe kulia na ya chini ilazwe kushoto, zikikutana zinakumbatiana na kona hazikosani. Chini tandika bitana, shuka la zamani linafaa, katikati pamba au blanketi lililochakaa. Piga bandi kubwa tabaka zote zishikane, kisha shona kwa mkono kufuata mistari ya miraba, fumua bandi, kunja pindo. Nimepita hapa haraka makusudi. Tabaka tatu zina sura yake, ya saba.

Wasio na cherehani wala meza wasijione wameachwa nje. Katika jimbo la Karnataka, India, wapo Wasiddi, watu ambao mababu zao walipelekwa huko kutoka Afrika, wengine kwa mikono ya Wareno kupitia Goa. Wanawake wao hushona tandiko la mabaki liitwalo kawandi, na hawatumii mraba kabisa. Huanza kwenye kona ya kitambaa cha chini, wakilaza vipande ukingoni na kuvishona papo hapo kwa bandi ndogondogo, wakizunguka kuelekea katikati mpaka nafasi ifungwe. Juu, chini na mshono vinakamilika kwa pamoja, kwa sindano moja. Kwenye kona nne hubandika vipande vilivyokunjwa waviitavyo phula, maua, na bila hayo maua kwao kazi haijaisha. Ninapoitazama kawandi huwa naona haya kidogo kwa ajili ya plasta yangu na hesabu zangu za moja ya kumi na sita. Lakini mimi hufundisha watu wanaoshona robo saa leo na robo saa Jumapili, na kwao mraba ndio unaovumilia.

Anza na mmoja. Usinunue chochote isipokuwa uzi, na uzi uwe wa pamba. Ukifikisha miraba minne, itandaze kitandani uiangalie usiku kabla ya kulala, maana hapo ndipo utakapojua kama utafika thelathini.

Na vipande vyembamba kuliko inchi 1 na nusu, vile ambavyo hata gazeti haliwezi kuviokoa, usivitupe na usijitese navyo. Vijazie mto. Fundi alisema kweli kwa hivyo.